Miti ya Matunda Iliyoachwa na Wazee: Shamba la Brockhampton Huko Uingereza na Mafunzo Yake Kwetu

Wakulima wengi wa skimu zilizogawanywa tangu mwaka wa 1962 walipata, pamoja na ardhi, kitu kingine ambacho hakikuandikwa katika barua ya kupewa shamba. Kitu hicho ni miti ya matunda ya zamani. Katika nchi zetu za baridi, kama vile Kinangop, Molo na Limuru, bado yaonekana hapa na pale mitofaa, miplamu na mipeasi iliyopandwa zamani za masetla. Mingine imezeeka na kuwa na mashimo katika shina. Mingine imejaa matawi makavu, na matunda yake ni madogo, nayo huliwa na ndege na watoto tu.

Swali linaloulizwa mara nyingi katika ofisi za kilimo ni hili: “Miti hii niikate niwe na kuni na nafasi ya mahindi, au niiache?” Ni swali la maana, kwa sababu shamba la ekari chache halina nafasi ya kupoteza. Tena vijana wakikua na kutaka sehemu zao, mti usiozaa huwa wa kwanza kuangukiwa na shoka.

Mwezi huu tutaeleza habari za shamba moja kubwa la Uingereza ambako swali hilo liliulizwa, na jibu lililopatikana huko. Hatusemi kwamba kila kifanywacho Ulaya chafaa kuigwa hapa. Hali ya hewa ni nyingine, na fedha ni nyingine. Lakini mti wa matunda ni mti, na mkulima mwenye busara hujifunza kwa mwenzake hata akiwa mbali.

SHAMBA LENYEWE

Shamba hili huitwa Brockhampton. Liko karibu na mji mdogo wa Bromyard, katika jimbo la Herefordshire, upande wa magharibi wa Uingereza karibu na mpaka wa Wales. Wafugaji wetu watalijua jina la jimbo hilo, maana ndiko walikotoka ng'ombe wa Hereford, wale wekundu wenye nyuso nyeupe. Ni nchi ya vilima, udongo mwekundu na mvua ya kutosha.

Shamba lina ekari kiasi cha 1,700. Ukubwa huo si mgeni kwetu, maana mashamba ya masetla yaliyokatwa kuwa vipande vya skimu mengi yake hayakuwa mbali na kadiri hiyo. Ndani yake mna misitu, malisho, mashamba yanayolimwa na bustani za matunda.

Katikati ya bonde iko nyumba ya kale iitwayo Lower Brockhampton. Ilijengwa mwishoni mwa karne ya 14, yaani zaidi ya miaka 600 iliyopita. Haikujengwa kwa mawe makubwa kama ngome. Ni nyumba yenye fremu ya mbao, na nafasi zilizo kati ya mbao zimezibwa. Nyumba nyingi za Uingereza za namna hiyo zilizibwa kwa fito na udongo, kama babu zetu walivyojenga. Imezungukwa na handaki lenye maji, na mbele yake iko nyumba ndogo ya lango iliyojengwa katika karne ya 16, nayo pia ni ya mbao. Kando yake ni magofu ya kanisa dogo la kale zaidi, la karne ya 12. Juu ya kilima iko nyumba nyingine, kubwa na ya matofali mekundu, ambayo ukoo wa Barneby uliijenga katika karne ya 18.

Ukoo huo na jamaa zake walilishika shamba kwa muda wa karne nyingi. Wageni wanaofika huko huja kwanza kuitazama nyumba ya mbao. Lakini wale wanaojua ukulima hutazama pia miti iliyo nje, maana miti hiyo nayo ni urithi, nayo hufa upesi kuliko nyumba.

JINSI MITI ILIVYOPANDWA ZAMANI

Bustani ya matunda ya zamani ya Uingereza haifanani na ile ya siku hizi. Mti uliachwa uwe mrefu, na matawi ya kwanza yalianza juu ya kimo cha mtu. Miti ilipandwa mbali mbali, kiasi cha futi 30 kati ya mti na mti. Ukipiga hesabu utaona kwamba ekari moja ilichukua miti 48 hivi tu.

Kwa nini waliacha nafasi kubwa hivyo? Kwa sababu chini ya miti walilisha mifugo. Kondoo na ng'ombe walikula majani, wakaacha samadi, na wakala matunda yaliyoanguka yenye wadudu ndani yake. Hivyo ardhi ile ile ilitoa mazao mawili: matunda juu, na nyama na sufu chini. Tena nyasi zilizoachwa bila kulimwa zilishika udongo usichukuliwe na maji katika miteremko. Mkulima wa Nyandarua au wa Nandi mwenye ng'ombe wawili wa gredi na kipande cha mteremko ataona mara moja maana ya mpango huo.

Huko Herefordshire walipanda mitofaa ya kula, mitofaa ya kupikia, na mitofaa ya kutengenezea kinywaji kiitwacho saida. Walipanda pia mipeasi ya kinywaji, ambayo matunda yake ni machungu sana hata mtu hawezi kuyala mabichi. Brockhampton ina sifa zaidi kwa tunda liitwalo damsoni. Ni plamu ndogo, yenye ngozi ya rangi ya buluu iliyokaribia kuwa nyeusi. Ni kali mdomoni, lakini ikipikwa na sukari hufanya jemu nzuri sana. Midamsoni ni migumu. Hustahimili upepo na baridi, na kwa hiyo wakulima waliipanda hata katika nyua za mashamba, ikafanya kazi mbili: uzio na chakula.

Mti uliotunzwa huishi muda mrefu kupita mtu aliyeupanda. Mtofaa uliopandwa kwa njia hii waweza kufikisha miaka 100. Mpeasi hupita hapo. Katika shamba lingine la kale la jimbo hilo hilo, liitwalo Hellens, kijijini Much Marcle, ilipandwa safu ya mipeasi mwaka wa 1710, na baadhi yake ingali hai. Na katika kijiji cha Holme Lacy ulikuwako mpeasi mmoja wa ajabu. Matawi yake yaliinama hadi chini, yakaota mizizi, yakawa mashina mapya. Imeandikwa kwamba mwaka wa 1790 mti huo ulifunika robo tatu za ekari na kuzaa tani 5 hadi 7 za matunda.

Ndiyo sababu Waingereza wana msemo kwamba apandaye mpeasi huwapandia warithi wake.

MIKONO ILIYOFANYA KAZI

Mkulima mmoja aweza kusema: “Habari za shamba la tajiri wa Uingereza zanihusu nini? Hata miti ya hapa kwangu ilikuwa ya mzungu. Baba yangu aliimwagilia maji kwa mshahara mdogo.”

Neno hilo ni la haki, na halifai kupitwa kimya. Hata huko Herefordshire mwenye shamba hakupanda miti kwa mikono yake. Vibarua ndio waliochimba mashimo, wakapogoa, wakachuma, na kukamua matofaa katika jiwe la kusagia lililozungushwa na farasi. Tena kwa muda mrefu sehemu ya mshahara wao ililipwa kwa saida badala ya fedha. Mtu alipewa painti kadhaa kwa siku, na wakati wa mavuno akaongezewa. Wengine walifurahia, lakini nyumbani mke na watoto hawakuweza kula saida wala kununua viatu kwa saida. Desturi hiyo ilikatazwa kwa sheria ya mwaka wa 1887, iliyosema kwamba vibarua wa shamba wasilipwe mshahara kwa vileo.

Kwa hiyo mtu anapouhifadhi mti wa zamani, asifikiri kwamba anahifadhi heshima ya bwana peke yake. Anahifadhi pia kazi ya wale waliokuwa na jembe na msumeno, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mti ndio kumbukumbu yao. Jambo hili ni kweli huko Brockhampton, na ni kweli katika skimu zetu.

KWA NINI MITI ILIKATWA

Katika karne ya 20 bustani za namna hii zilianza kutoweka. Sababu zake zilikuwa nyingi, na kila moja ilionekana ya busara kwa wakati wake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilihitaji ngano na viazi, na malisho mengi yakalimwa. Baada ya vita wakulima walipata matrekta, na trekta halipendi miti mirefu iliyotawanyika. Kisha wataalamu walileta miti mifupi. Katika kituo cha East Malling, jimbo la Kent, kilichoanzishwa mwaka wa 1913, walichagua mashina ya kupachikia ambayo huufanya mti uwe mfupi na kuzaa mapema. Bustani ya kisasa ya miti mifupi yaweza kuwa na miti 1,000 na zaidi katika ekari moja, na mchumaji hahitaji ngazi ndefu. Tena Uingereza ilipoingia katika Soko la Pamoja la Ulaya mwaka wa 1973, matofaa ya Ufaransa yalijaa madukani kwa bei rahisi, na wakulima wengi waling'oa miti yao.

Matokeo yake yalipimwa. Mwaka wa 2022 chama cha National Trust kilitangaza uchunguzi uliolinganisha ramani za zamani na za sasa. Ilionekana kwamba tangu mwaka wa 1900 hivi, England na Wales zimepoteza asilimia 81 ya bustani zao za matunda za namna ya zamani. Yaani katika kila bustani tano, nne zimekwisha.

Hatusemi kwamba miti mifupi ni mibaya. Mkulima anayetaka kuuza matofaa mengi sokoni hawezi kuishi kwa miti 48 katika ekari. Hasara ilikuja kwa sababu mti ulipokatwa, aina yake nayo ilipotea. Huko zamani karibu kila kijiji kilikuwa na tofaa lake, lililojulikana kwa jina la kijiji au la mtu. Tofaa moja lilihifadhika hadi Aprili, jingine halikushikwa na ugonjwa wa madoa, jingine lilizaa hata mwaka wa baridi kali. Sifa hizo hazinunuliwi dukani zikiisha kupotea.

WATU WA HEREFORDSHIRE WALIANDIKA

Jambo moja liliwasaidia watu wa jimbo hili, nalo ni kuandika. Katika karne ya 19 waliona kwamba aina za zamani zilikuwa zikififia. Chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe kiitwacho Woolhope Club kilianza kukusanya matunda na kuyachunguza. Kati ya mwaka wa 1876 na 1885 kilitoa kitabu kwa sehemu, kiitwacho *The Herefordshire Pomona*, kilichoeleza matofaa na mapeasi ya jimbo. Kazi iliongozwa na Dakta Henry Graves Bull pamoja na Dakta Robert Hogg. Picha za rangi zilichorwa na mabibi wawili, Alice Ellis na Edith Bull, kwa usahihi kiasi kwamba hata leo mtu aweza kulilinganisha tunda alilo nalo mkononi na picha na kulitambua.

Siku hizi kuna njia nyingine tena. Mwenye mti asioujua huchuma majani machache na kuyapeleka maabara. Huko huchunguzwa alama za urithi zilizomo ndani ya jani na kulinganishwa na zile za miti ya hazina ya matunda ya taifa iliyoko Brogdale, jimbo la Kent, yenye aina zaidi ya 2,000 za matofaa. Lakini maabara haiwezi kutaja jina lililokwisha kupotea. Kwanza lazima mtu aliandike.

JINSI SHAMBA LILIVYOOKOKA

Mashamba makubwa ya Uingereza yalipatwa na shida nyingine. Tangu mwaka wa 1894 serikali ilitoza kodi kubwa juu ya mali ya mtu anapokufa, na kodi hiyo iliendelea kupanda. Warithi wengi walilazimika kuuza ardhi vipande vipande, na nyumba nyingi za kale zilibomolewa ili mbao na mawe yake yauzwe.

Brockhampton haikufikia hapo. Mwenye shamba wa mwisho, Kanali John Talbot Lutley, aliliacha kwa wasia, na mwaka wa 1946 likaingia mikononi mwa National Trust. Chama hiki kilianzishwa mwaka wa 1895 na watu watatu: Bibi Octavia Hill, Bwana Robert Hunter na kasisi Hardwicke Rawnsley. Si idara ya serikali. Chaendeshwa kwa michango ya wanachama, ambao leo ni zaidi ya milioni tano, na kwa ada za wageni. Sheria ya mwaka wa 1907 ilikipa nguvu ya kutangaza kwamba ardhi fulani haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani, ila kwa idhini ya Bunge.

Msomaji aangalie jambo hili vizuri. Miti ya Brockhampton ilipata nafasi ya kuokoka kwa sababu mtu alifikiri habari za ardhi yake kabla ya kufa, akaandika. Angekaa kimya, huenda miti ingekatwa hata kama kila mtu aliipenda.

KAZI YA KUHIFADHI

Kuhifadhi si kuweka uzio na kuondoka. Bustani ikiachwa peke yake, miiba huingia, matawi huwa mazito na kuvunjika, na miti hufa yote karibu wakati mmoja kwa sababu ilipandwa wakati mmoja. Kazi ifanywayo katika bustani za zamani kama hizi huko Uingereza ni ya namna nne.

Kwanza, kupogoa kwa subira. Mti ulioachwa miaka 20 hautengenezwi kwa siku moja. Ukiyakata matawi mengi kwa mara moja, mti hushtuka na kutoa machipukizi marefu yasiyozaa. Hukatwa yaliyokufa, yenye ugonjwa na yanayosuguana, na kazi hugawanywa katika miaka mitatu au zaidi. Mitofaa na mipeasi hupogolewa wakati wa baridi, mti umelala. Miplamu na midamsoni hupogolewa wakati wa joto, kwa sababu majeraha yake yakiwa wazi wakati wa baridi na unyevu huingiwa na kuvu liitwalo ugonjwa wa jani la fedha.

Pili, kupanda mapya katika mapengo. Mti mpya hauwekwi katika shimo lile lile la mti uliokufa, maana udongo wa hapo umechoka na una vijidudu vilivyozoea mizizi ya aina hiyo. Husogezwa kando. Huko Brockhampton mitofaa, miplamu na midamsoni mingi imepandwa katika miaka ya karibuni ili kurudisha bustani zilizopungua.

Tatu, kukinga na mifugo. Kondoo hula gome la mti mchanga, na ng'ombe hujikuna mpaka akauangusha. Kila mti mchanga huzungushiwa nguzo na waya au mbao kwa miaka mingi.

Nne, kuacha baadhi ya miti mikongwe isimame. Mkulima aweza kushangaa. Lakini katika mashimo ya miti hiyo huishi kigong'ota na ndege wengine ambao hula viwavi na wadudu wa matawini. Katika majimbo ya Herefordshire, Worcestershire na Gloucestershire yuko mbawakawa mmoja adimu, wa rangi ya kijani ing'aayo, ambaye watoto wake hukua ndani ya mti wa matunda ulioanza kuoza. Haharibu mti mzima, bali hula ule uliokwisha kufa. Mwaka wa 2007 bustani za namna hii ziliingizwa katika orodha ya mahali panapostahili kuhifadhiwa kwanza.

MBEGU HAIZAI MTI ULE ULE

Sasa twafika penye somo kubwa kuliko yote. Wakulima wengi husema: “Mti huu una matunda mazuri, nitapanda mbegu zake.” Kwa mahindi ya kienyeji au maharagwe jambo hilo lafaa. Kwa tofaa halifai. Ua la mtofaa hupokea chavua kutoka kwa mtofaa mwingine, ikiletwa na nyuki, na kila mbegu huwa mtoto mpya asiyefanana kabisa na mama. Aghalabu huwa na tunda dogo na chungu. Mara moja katika maelfu huwa bora.

Hadithi ya tofaa liitwalo Bramley yaonyesha hayo. Mwaka wa 1809 hivi, katika mji wa Southwell, jimbo la Nottinghamshire, binti aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tofaa. Mti ukaota, naye akaolewa akaondoka. Mwaka wa 1846 nyumba ilinunuliwa na mchinjaji, Bwana Matthew Bramley. Miaka kumi baadaye kijana mwenye kitalu, Henry Merryweather, aliyaona matofaa yale makubwa, akaomba vijiti vya kupachika. Bwana Bramley alikubali, kwa sharti kwamba tofaa liitwe kwa jina lake. Leo Bramley ndilo tofaa la kupikia lijulikanalo kuliko yote Uingereza, na kila mti wake, popote ulipo, umetokana na kijiti kilichotoka katika mti ule mmoja.

Mti wenyewe uliangushwa na dhoruba karibu na mwaka wa 1900, ukaota tena kutoka katika tawi lililolala. Baadaye ulishikwa na kuvu la mizizi. Lakini aina yake haitapotea, kwa sababu vijiti vilichukuliwa mapema. Mti mmoja ulioko bustani moja ni kama nyumba yenye nguzo moja.

Kupachika ni kazi ambayo kila mkulima aweza kujifunza. Huchukuliwa kijiti chenye afya, cha unene wa penseli, kilichokua mwaka uliopita. Hukatwa kwa kisu kikali na safi kwa mshazari. Shina la mti mchanga hukatwa vivyo hivyo. Ngozi ya ndani ya kijani ya kijiti huungana na ile ya shina, upande mmoja angalau. Kisha hufungwa kwa utepe na kuzibwa kwa nta maji yasiingie. Kazi yote si zaidi ya dakika kumi. Mti utakaoota juu utakuwa ule ule wa babu, na mizizi itakuwa ya shina jipya.

YATUPASA TUFANYE NINI?

Kutokana na habari hizi, mkulima mwenye miti ya zamani aweza kufuata mambo haya:

1. Usikate mti kabla ya kuutazama mwaka mzima. Angalia wakati wa maua, wakati wa kuiva, wingi wa matunda, utamu wake, na kama unashikwa na ugonjwa. Andika katika daftari. Mti usiozaa huenda umekosa kupogolewa tu.

2. Waulize wazee. Huenda jirani aliyefanya kazi katika shamba hilo zamani, au mtoto wake, anajua jina la tunda na mwaka lilipopandwa. Mzee huyo akifa, habari hizo zimekwenda naye.

3. Pogoa kidogo kidogo, kwa msumeno mkali. Usipogoe miplamu wakati wa mvua. Matawi yenye ugonjwa yachomwe, yasiachwe chini ya mti.

4. Chukua vijiti vya mti mzuri kabla haujafa, ukapachike juu ya mashina mapya mawili au matatu. Wape majirani kimoja. Aina iliyoko katika mashamba matatu ni salama kuliko ile iliyoko katika moja.

5. Usilime kwa kina karibu na shina. Acha nyasi, ukate na kulisha ng'ombe, au uziweke chini ya mti ziwe matandazo. Ukinge mti mchanga na mbuzi.

6. Mti ulioliwa na ugonjwa, usiozaa hata baada ya kupogolewa, na ambao tunda lake halifai kitu, ukate bila huruma. Kuhifadhi hakumaanishi kuacha kila kitu.

7. Kumbuka kwamba mitofaa na mipeasi hutaka baridi ili kulala na kuchanua vizuri. Aina za zamani hufaa nchi za juu, futi 6,000 na kuzidi. Palipo joto zaidi zitafutwe aina zisizotaka baridi nyingi, kama Anna iliyotoka Israeli. Nunua miche kwenye kitalu kinachotambuliwa, wala si kwa mtu apitaye njiani.

8. Mwishoni, ongea na watu wa nyumbani. Mgawanyo wa shamba ukija, mti ulio katikati ya mpaka huleta ugomvi na kisha hukatwa. Afadhali iamuliwe mapema nani ataitunza miti, na matunda yatagawanywaje, na jambo hilo liandikwe mbele ya mashahidi.

Brockhampton ilikuwa na Kanali, wasia na chama chenye fedha. Mkulima wa skimu ana kisu, daftari, na watoto wanaojua kuandika. Vitu hivyo vitatu vyatosha kuanzia. Miplamu mitano iliyotunzwa hutoa matunda ya kula nyumbani, ya kutengeneza jemu, na debe kadhaa za kupeleka sokoni wakati ambapo mahindi bado ni mabichi na ada ya shule inadaiwa.

Atakaye kujifunza kupogoa na kupachika amwone Bwana Shamba wa mahali pake. Afadhali majirani kumi waende pamoja, kila mmoja na kisu chake na kijiti kimoja cha mti anaoupenda, kuliko kila mtu kwenda peke yake. Mafunzo ya namna hiyo hufaa yafanywe chini ya mti wenyewe, kabla ya msimu wa maua.